Kikombe Kimoja, Masaa Matatu

Wimbo huu ulinijia usiku wa manane bila mimi kuutafuta. Nilikuwa naosha vyombo huku simu ikicheza muziki wa gitaa, na unajua vile intaneti hufanya: usipozima, inakuchagulia yenyewe kinachofuata, halafu kingine, halafu kingine, mpaka unajikuta kwenye nchi ambayo hukupanga kwenda. Mimi nilijikuta Japani. Wanaume watatu, magitaa, na sauti zimepandana moja juu ya nyingine kama sahani nilizokuwa napanga. Sikuelewa neno hata moja. Kisha katikati ya ubeti nikasikia kitu kama "Bobu Diran."

Nikakausha mikono. Kijapani, kama Kiswahili, hakipendi silabi iishie na konsonanti, kwa hivyo Bob Dylan akifika kule hugeuka Bobu, vile vile nyanya yangu angemwita. Hilo jina moja ndilo lililonifungulia mlango. Nilirudia wimbo mara tatu, nikatafuta jina lake, na kufika alfajiri nilikuwa nimejua mambo mawili. Kwanza, unaitwa "Gakuseigai no Kissaten", yaani mkahawa wa mtaa wa wanafunzi, na uliimbwa na kundi la GARO mwaka 1972. Pili, ni wimbo kuhusu mkahawa ambao ndani yake watu wanakunywa chai.

Hapo kwa chai ndipo niliponaswa.

Hadithi ya wimbo ni fupi. Mwanamume anaukumbuka mkahawa alikokuwa akienda na msichana fulani. Walikuwa wanaketi pembeni, wanakunywa chai, wanapiga gumzo lisilo na kichwa wala miguu, na Dylan anacheza. Waliachana kabla hata ya kujua kwamba lile lilikuwa penzi. Sasa wateja wamebadilika, nyuso ni nyingine, nje miti inaonyesha kwamba majira yamepita. Ni hayo tu. Hakuna anayekufa na hakuna anayerudi. Nimewauliza marafiki zangu wote wanaojidai kujua muziki, hata yule anayekusanya santuri kuukuu, na hakuna aliyewahi kuusikia. Kumbe Japani watu wa rika la babu zangu wanaujua kama sisi tunavyojua "Malaika".

Tuanze na hiyo chai. Neno "kissaten" limeundwa kwa maneno ya kunywa, chai na duka. Ni duka la kunywea chai. Lakini ukiingia, kinachouzwa hasa ni kahawa, na Mjapani akikuambia "twende tukanywe chai" huenda akaagiza kahawa, soda au hata aiskrimu. Anachomaanisha ni twende tukae. Sasa geukia upande wetu. Sisi tumelitengeneza jina la mahali hapo kutokana na kahawa, mkahawa, halafu tukiingia ndani tunaagiza chai na mandazi. Mjapani akitaka kahawa huenda penye jina la chai, nasi tukitaka chai huenda penye jina la kahawa. Hata neno lenyewe tumelitoa kisima kimoja: sisi tulilichukua moja kwa moja kwa Waarabu, "qahwa", wao wakalipokea kutoka kwa Waholanzi waliokuwa wakifanya biashara Nagasaki, na Waholanzi walikuwa wamelipata huko huko kwa Waarabu likiwa limezungushwa kidogo. Lugha mbili, na zote mbili zinakubali kimya kimya kwamba kinywaji chenyewe si hoja. Hoja ni pale mahali.

Mahali hapo pana historia. Mkahawa wa kwanza wa kahawa Tokyo unaokumbukwa ulifunguliwa Aprili 1888 katika eneo la Ueno, na uliitwa Kahiichakan. Mwenyewe, Tei Eikei, alikuwa amepata kusoma Yale, Marekani, akarudi kabla ya kumaliza. Wakati huo wakubwa wa Tokyo walikuwa na jumba lao la kifahari, Rokumeikan, ambapo walivaa suti na kucheza dansi ili wazungu waone kwamba Japani imestaarabika. Tei alitaka kitu kingine: mahali pa watu wa kawaida na wanafunzi, penye magazeti, vitabu, meza ya biliadi na hata bafu. Kikombe cha kahawa kiliuzwa sen moja na nusu, pesa zilizozidi bei ya bakuli la tambi za soba. Biashara ilimshinda. Baada ya miaka michache alifunga, akaondoka kwenda Marekani, akafia Seattle akiwa bado kijana. Lakini fikra yake haikufa: unanunua kikombe, unapewa chumba.

Kahawa ilienea kwa njia ambayo haikuwa ya kimapenzi hata kidogo. Mwaka 1908 meli ya Kasato Maru iliwapeleka wahamiaji wa kwanza 781 kutoka Japani hadi Brazil kufanya kazi katika mashamba ya kahawa. Kama fadhila, na pia kama njia ya kujitafutia soko jipya, jimbo la São Paulo likatoa kahawa ya bure kwa wakala aliyewapeleka, na mwaka 1911 mkahawa wa Café Paulista ukafunguliwa Ginza na kuuza kikombe kwa sen tano tu. Waandishi na wanafunzi wakajaa. Kwa maneno mengine, wakulima maskini walitoka Japani kwenda kuchuma kahawa, na kahawa ikaja Japani kuwakalisha wasomi. Kisha vita vikaja. Serikali ikaiita kahawa anasa ya adui, uagizaji ukakatika, na watu wakakaanga soya na vitu vingine ili wapate tu ule weusi ndani ya kikombe. Kahawa ya kuagizwa ilirudi rasmi mwaka 1950.

Baada ya vita ndipo kissaten ikawa kile ambacho wimbo unakililia. Fikiria Tokyo ya wakati huo: mwanafunzi ametoka mashambani, amekodi chumba kidogo chenye kuta nyembamba, hana redio nzuri, na santuri moja ya kutoka nje inagharimu pesa za chakula cha siku nyingi. Mkahawa ulikuwa na santuri mia kadhaa, spika kubwa na joto wakati wa baridi. Palikuwa na mikahawa ya muziki wa Kizungu wa kale, kama Lion ya Shibuya iliyofunguliwa 1926, ambapo wateja hukaa wakitazama spika kama waumini wanavyotazama madhabahu. Palikuwa na mikahawa ya jazi ambako ukizungumza unanyamazishwa. Palikuwa na mikahawa ya kuimba kwa pamoja, ambako mhudumu aliongoza na wateja wakaitikia, nyimbo za Kirusi na nyimbo za wafanyakazi. Na palikuwa na ile ya kawaida tu, pembeni mwa chuo, yenye viti vya velveti vilivyochakaa na mzee nyuma ya kaunta anayejua majina ya kila mtu. Sheria yake haikuandikwa popote lakini kila mtu aliijua: kikombe kimoja, masaa matatu. Bei ya kahawa ilikuwa kodi ya kiti.

Kuna mwimbaji mmoja, Takada Wataru, aliyezaliwa 1949, ambaye alilisema hili bila kuzunguka. Alikuwa mtoto wa mshairi, akakua katika ufukara, akafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapishaji kabla ya kushika gitaa. Katika albamu yake ya mwaka 1971 kuna wimbo kuhusu kahawa unaoutaja mkahawa wa Inoda ulioko Kyoto, na kuuelekeza kabisa hadi mtaa. Mkahawa huo ulianzishwa 1947, uko mpaka leo, na kahawa yao maarufu bado inaitwa Lulu ya Arabuni. Wimbo wa Takada ni wa mtu anayekwenda mkahawani leo. Wimbo wa GARO ni wa mtu ambaye hawezi kwenda tena. Kati ya nyimbo hizo mbili kuna mwaka mmoja tu. Kitu gani kilitokea?

Kusema kweli, swali hili ndilo lililonikosesha usingizi kwa wiki nzima. Mwimbaji anatamani zamani kama mzee wa miaka sabini, kumbe wale vijana watatu wa GARO walikuwa na miaka ishirini na kitu. Zamani yao ilikuwa juzi. Watu wa miaka ishirini na mitatu wanaomboleza nini?

Jibu linaanzia nje ya mkahawa. Mwaka 1968 na 1969 vyuo vya Japani viliwaka. Wanafunzi walikuwa na malalamiko juu ya karo, juu ya fedha zilizofichwa na wakuu wa Chuo Kikuu cha Nihon, juu ya jinsi wanafunzi wa udaktari walivyotumikishwa katika Chuo Kikuu cha Tokyo, na juu ya vita vya Vietnam vilivyokuwa vikiendeshwa kwa msaada wa kambi za Marekani zilizokuwa kwenye ardhi yao. Juni 1968, mtaa wa Kanda na Ochanomizu, ule uliojaa vyuo, maduka ya vitabu kuukuu na mikahawa, ulifungwa kwa madawati na viti vilivyorundikwa barabarani. Januari 1969 maelfu ya polisi wa kutuliza ghasia waliuzingira ukumbi wa Yasuda wa Chuo Kikuu cha Tokyo kwa siku mbili, maji yakirushwa kutoka chini na mawe yakirushwa kutoka juu. Mwaka huo chuo hicho hakikufanya mtihani wa kupokea wanafunzi wapya. Agosti bunge likapitisha sheria ya kudhibiti vyuo.

Lakini kisa kilichonikaa moyoni ni kidogo kuliko hayo. Mapema mwaka huo huo wa 1969, vijana wenye magitaa walianza kukutana kila Jumamosi jioni kwenye uwanja wa chini ya ardhi, upande wa magharibi wa stesheni ya Shinjuku. Waliimba nyimbo za kupinga vita. Abiria waliotoka kazini walisimama, wakasikiliza, wakabishana, na wengine wakaimba. Umati ukakua hadi maelfu. Polisi wakaja na mabomu ya machozi, na vijana walirudi tena. Basi mwezi Julai wakuu wakapata dawa. Walibadilisha kibao. Mahali palipoandikwa "uwanja" pakaandikwa "njia ya kupita". Kwisha. Uwanjani una haki ya kusimama. Kwenye njia ya kupita, anayesimama anazuia wenzake. Kuanzia hapo polisi hawakuhitaji kugombana na wimbo wowote. Walisema tu: tafadhali endelea kutembea.

Nimeufikiria mno ujanja wa kibao kile. Neno moja, na jambo la kawaida kabisa, kusimama, likageuka kosa.

Kisha ikaja Februari 1972. Kikundi kidogo cha wanaharakati waliokuwa wamebaki na silaha kilijifungia katika nyumba ya mapumziko ya Asama-Sansō milimani, kikamteka mke wa msimamizi wake, na kwa siku kumi nchi nzima ikatazama kwenye televisheni. Watu watatu waliuawa, wawili kati yao polisi. Baada ya kukamatwa kwao ikagunduliwa kwamba walikuwa wamewaua wenzao wenyewe kumi na wawili huko milimani, kwa kuwatesa na kuwaacha kwenye baridi, ati hawakuwa wanamapinduzi wa kutosha. Hapo ndipo kitu kilipokatika. Vijana waliokuwa wakijivunia kwamba walikuwepo Shinjuku au Kanda wakanyoa nywele, wakavaa suti, wakaingia kwenye kampuni, na swali la "ulikuwa wapi mwaka 1969" likawa swali lisiloulizwa mezani.

Miezi minne baadaye, Juni 1972, GARO wakatoa santuri.

Mwanzoni hakuna aliyeutilia wimbo huu maanani, hata waliouuza. Uliwekwa upande wa pili wa santuri, nyuma ya wimbo mwingine uitwao "Utsukushisugite" ambao ndio waliotaka uvume. Lakini wasikilizaji wa redio wakaanza kuuomba ule wa nyuma. Wakauomba tena. Kampuni ikageuza santuri, upande wa pili ukawa wa kwanza, na mapema 1973 wimbo ukashika nambari moja ya mauzo Japani kwa wiki saba mfululizo. Napenda hapo. Wimbo kuhusu watu waliokaa pembeni ya mkahawa ulianza maisha yake pembeni.

Sasa sikiliza upande mchungu. Wale vijana watatu hawakuuandika. Horiuchi Mamoru aliyeitwa Mark, Hidaka Tomiaki aliyeitwa Tommy, na Ohno Masumi aliyeitwa Vocal walikuwa wakitunga nyimbo zao wenyewe, wakiwaiga Crosby, Stills, Nash & Young, wakijiona watu wa magitaa na sauti tatu. Wimbo uliowapa jina uliandikwa na wataalamu. Maneno ni ya Yamagami Michio, mwenye miaka 36 hivi wakati huo, mtu aliyejua kuandika kilio cha mtu yeyote. Muziki ni wa Sugiyama Kōichi, mwenye miaka 41. Kama umewahi kucheza ile michezo ya kompyuta ya Dragon Quest, umeshaisikia kazi ya Sugiyama. Aliitungia muziki kuanzia mwaka 1986. Kwa hivyo maombolezo ya wanafunzi yaliandikwa na watu wazima ambao hawakuwa wanafunzi, yakaimbwa na vijana waliotamani kuimba kitu kingine. GARO walivunjika mwaka 1976.

Nilipojua haya nilikasirika. Niliuona wimbo kama kibao kingine cha Shinjuku. Kila kitu kilichoumiza kimetolewa: hakuna polisi, hakuna kofia za chuma, hakuna Vietnam, hakuna mtu aliyefungwa. Amebaki mvulana, msichana, kikombe, na jina la Dylan, na hata Dylan mwenyewe yumo kama samani tu, muziki wa kuketia. Nikajiambia: hivi ndivyo harakati huzikwa. Hazizikwi kwa risasi peke yake, huzikwa kwa wimbo mtamu. Unawafundisha watu kukumbuka kiti ili wasahau kwa nini waliinuka.

Bado nadhani kuna ukweli hapo. Lakini siku moja, nikiusikiliza tena nikiwa kwenye matatu, nikajiuliza kwa nini watu wale wa redio waliuomba. Hawakulazimishwa. Walikuwa na nyimbo za mapenzi elfu moja za kuchagua. Wakachagua huu wenye mkahawa, na mkahawa usio na jina. Takada aliutaja wake hadi mtaa. Yamagami hakuutaja, kwa hivyo kila mmoja aliweza kuuweka wake. Na ndani ya mkahawa huo hakuna kinachofanyika. Hilo ndilo nililolikosa mwanzoni. Wale wawili hawafanyi chochote. Wanakunywa bila sababu na wanazungumza bila sababu. Katika nchi ambayo vijana walikuwa wameambiwa kwamba uwanja sasa ni njia ya kupita, kwamba mtaala ni huu, kampuni ni ile, treni ni saa moja na dakika kumi na mbili, kukaa bila sababu ndicho kitu walichokuwa wamepoteza. Maandamano yalihitaji mahali pa kupangiwa. Kabla ya maandamano kulikuwa na mabishano, na kabla ya mabishano kulikuwa na kukaa. Wimbo haukuthubutu kutaja maandamano, lakini ulishika shina lake.

Na kilichofuata kiliupa wimbo haki. Vyuo vyenyewe viliondolewa mjini. Chuo Kikuu cha Elimu cha Tokyo kilivunjwa na mahali pake pakajengwa chuo kipya huko Tsukuba, mbali na mji, kuanzia 1973. Chuo Kikuu cha Chuo, kilichokuwa pale pale Kanda, kikahamia vilima vya Hachioji mwaka 1978. Mtaa wa wanafunzi ukabaki na maduka ya vitabu na magitaa, wanafunzi wenyewe wakipungua. Mwaka 1980 mkahawa wa kwanza wa Doutor ukafunguliwa Harajuku ukiuza kahawa kwa yen 150, bei ya chini sana, kwa sharti moja ambalo halikuhitaji kusemwa: unakunywa umesimama, unatoka. Mwaka 1981 Japani ilikuwa na kissaten zaidi ya 154,000, na huo ndio ulikuwa upeo. Kufikia 2021 zilikuwa zimebaki chini ya 60,000. Starbucks walifungua Ginza mwaka 1996. Sipingi kahawa yao. Nasema tu kwamba njia ya kupita ilikuwa imeingia hadi ndani ya kikombe.

Kuna jambo moja zaidi, na hili linatuhusu moja kwa moja. Kwenye orodha ya karibu kila kissaten ya zamani, chini ya kahawa ya nyumba, utakuta majina ya mbali: Moka, Brazil, na "Kirimanjaro". Ndiyo, mlima ule ule ambao ukiwa Loitokitok asubuhi isiyo na mawingu unaujaza upande mzima wa anga. Filamu ya Hollywood iliyotokana na hadithi ya Hemingway kuhusu theluji ya Kilimanjaro ilifika Japani mwaka 1953, na jina likawapagawisha watu. Mpaka leo kahawa ya arabika kutoka Tanzania inauzwa kule kwa jina hilo, hata kama imetoka Mbinga au Mbozi, mamia ya kilomita kutoka kwenye mlima, na mchanganyiko ukitaka kubeba jina hilo lazima angalau asilimia 30 yake iwe ya Tanzania. Wachagga waliopanda kahawa hiyo walipigania haki yao ya kuiuza wenyewe, wakaunda chama chao cha wakulima mwaka 1925, na ushirika wao wa KNCU ukafuata. Kwa hivyo yule mwanafunzi wa Kanda, aliponunua masaa matatu ya kiti, huenda alinunua na kipande cha mteremko wa Moshi. Mwenye shamba hakujua kwamba alikuwa anapangisha viti Tokyo. Kama ilivyokuwa kwa meli ya Brazil: mmoja anainama ili mwingine akae.

Nami? Sikuwa na kissaten. Nilikuwa na kibanda nyuma ya chuo, mabati manne na benchi mbili, ambapo chai ya maziwa na mandazi mbili zilikupa mchana mzima. Mama mwenyewe hakuwahi kutuuliza tunaondoka saa ngapi. Kama hukuwa na pesa aliandika jina lako kwenye daftari lililojaa mafuta, na redio yake ilikuwa ikicheza rhumba, si Dylan. Pale ndipo mimi na rafiki yangu tulipotatua matatizo yote ya nchi hii, tukayavuruga tena, tukayatatua upya. Yeye alimaliza chuo, akatafuta kazi miaka miwili, kisha akapata nafasi Qatar, na akaondoka kwa haraka namna ambayo hatukuagana vizuri. Mwaka uliofuata barabara ilipanuliwa. Siku moja nilipita nikakuta alama nyekundu kwenye mabati, siku nyingine nikakuta hakuna mabati. Sasa kuna njia nzuri ya waenda kwa miguu. Watu wanapita.

Wiki jana nilimtumia wimbo. Nikamwandikia kwa kifupi unasema nini: mvulana, msichana, mkahawa, wateja wamebadilika. Akakaa siku mbili bila kujibu, yuko kwenye zamu za usiku. Kisha ikaja sauti, nyuma yake kelele za basi la wafanyakazi. Alicheka kwanza. Akauliza, kwani hao jamaa wanakunywa chai ama kahawa, mbona sielewi. Kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Ukipita pale kwa Mama, mwambie nitamlipa ile deni yake. Asidhani nilitoroka."

Sijamjibu.